Muhula wa Prosesa Kumi na Sita

Jumatatu, 5 Februari

Mkuu wa chuo amenipa daftari jeusi na kuniagiza niandike humo kila ninachokigusa kwenye seva: siku, saa, na kilichobadilishwa. Maoni hayatakiwi. Kwa hiyo nikitoka kazini nimepitia dukani nikanunua hili, la maoni.

Muhula umefunguliwa. Wanafunzi wapya ni mia moja na tisa, na mmoja wao ni baba yangu mzazi.

Baba alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na misumeno ikaondoka na masikio yake. Mikono na pua vimebaki. Akishika ubao na kuunusa anajua umekaushwa kwa muda gani na ulikaushwa vizuri au vibaya. Soko la mbao limemwahidi kazi ya ukaguzi kuanzia Mei, ila mkaguzi lazima awe na cheti, na cheti kinatolewa hapa chuoni, mahali ambapo mimi ndiye mtunza mitambo.

Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja. Tulipofika karibu na lango akasimama.

"Wewe tangulia," akasema. "Sitaki waseme nimeletwa na mzazi."

Jumatano, 7 Februari

Mama kaniuliza mezani hasa hasa huwa nafanya nini huko kazini. Nikamweleza. Seva, yaani kompyuta kuu ya chuo, ni moja, ina prosesa kumi na sita, na prosesa ndizo zinazofanya kazi yenyewe, kama mikono. Kila programu ya chuo nimeifungia kwenye kontena lake pamoja na vitu vyake vyote, ili isiingilie mambo ya mwenzake. Kuna kontena la matokeo, la maktaba, la michoro, na jipya la muhula huu, la maandishi: mwalimu anavaa kipaza sauti, programu inamsikiliza na kuandika maneno yake kwenye skrini ukutani. Linawahusu wanafunzi watatu wasiosikia, mabinti wawili wa ushonaji na Baba.

"Makontena mangapi?" Mama akauliza.

"Tisa."

"Na mikono kumi na sita. Nani anagawa?"

Nikamwambia hakuna anayegawa. Anayewahi ndiye anayechukua.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba anayolala haina mlango.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua za kwanza. Hakuna jipya.

Jumatatu, 12 Februari

Leo nimeingia darasa la mbao, nikakaa nyuma, maana nilisikia fununu kwamba maandishi yanachelewa.

Mwalimu wa Mbao ni mtu mwema, anaongea haraka kama anakimbizwa, na ana masharubu yaliyofunika mdomo wote. Baba hujivunia kusoma midomo, lakini kwa huyu amenyoosha mikono. "Ni kama kusoma gazeti lililofunikwa blanketi," aliniambia juzi. Kwa hiyo tegemeo lake ni ukuta.

Na ukuta ulikuwa nyuma, nyuma sana. Mwalimu alitoa mzaha kuhusu mbao zilizopinda na mtu aliyejenga banda linalolifuata jua. Darasa zima likacheka. Baba akageuka kulia na kushoto, akawatazama. Nusu dakika ikapita; mwalimu alikwishafika kwenye magome. Ndipo mzaha ukatokea ukutani, na Baba akacheka peke yake, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Vijana wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilirudi ofisini mbio nikafungua seva. Kati ya prosesa kumi na sita, kumi na nne zilikuwa mikononi mwa kontena moja: la michoro.

Jumanne, 13 Februari

Kontena la michoro ni la Mwalimu wa Michoro, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Kivuli. Anafundisha kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, na hawezi kuupokea mchoro mpaka vivuli vyake vikae jinsi jua lingevikalisha. Kila picha ni hesabu ya mamilioni ya miale.

Nilimkuta amekunja mikono, anatazama ngazi ya mtu kwenye kompyuta.

"Mwalimu, programu yako inakula seva nzima."

"Nyumba yenye vivuli vya uongo haijengeki, dada," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Niwekee kikomo basi. Nipe unachoona kinatosha."

Alikubali upesi mno. Mtu anayekubali upesi hivyo ana lake jambo. Nimeondoka nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyokuja.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeweka vikomo, kwa makontena yote tisa, ili asiwepo wa kulalamika kwamba ameonewa. Nilichukua matumizi ya wiki mbili, nikapiga wastani, nikaongeza kidogo. Michoro nimewapa prosesa sita. Maandishi wastani wao ni moja na nusu. Nimewapa mbili, na nikajiona mkarimu.

Kikomo kinafanya kazi hivi. Kila sehemu moja ya kumi ya sekunde, seva humpimia kila mmoja muda wake wa kazi. Akiumaliza kabla sehemu hiyo haijaisha, anasimamishwa, anangoja sehemu inayofuata. Hakuna ugomvi, hakuna kusukumana.

Mkuu amesaini daftari jeusi. "Haki sawa kwa wote," akasema. "Vizuri, mwanangu."

Jumatatu, 19 Februari

Mvua. Darasa la ushonaji, maandishi safi kabisa asubuhi nzima. Nimejinunulia keki.

Jumatano, 21 Februari

Darasa la mbao. Maandishi yamechelewa tena.

Lakini si kama zamani. Sasa yanakuja kwa mafungu: maneno saba, kimya, maneno matano, kimya, kama bomba lililoingia hewa. Na mwalimu akipandisha kasi, ukuta unazidi kubaki nyuma.

Alhamisi, 22 Februari

Mvua. Sekunde kumi na moja nyuma.

Jumatatu, 26 Februari

Mvua. Sekunde kumi na tisa.

Jumanne, 27 Februari

Mwalimu wa Mbao alikuwa na mafua, akaongea polepole. Sekunde tatu tu. Namwombea mafua marefu, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 1 Machi

Mkuu ametuita walimu wote na mimi. Mtihani wa mbao ni tarehe ishirini na nne Aprili, wa mdomo, mbele ya watahini kutoka nje. Swali likiisha kuulizwa, mtahiniwa ana sekunde ishirini za kuanza kujibu. Ukichelewa, swali limekwenda.

"Watahini wamekubali tutumie maandishi," akasema, "ila wanataka uhakika. Tarehe kumi na tano mwezi huu nitayajaribu mwenyewe. Yasipoenda na msemaji, wale watatu watangoja mwaka kesho."

Soko la mbao halingoji mwaka kesho. Walishamwambia Baba kwamba yuko mwingine mlangoni.

Nyumbani Mama anamfanyisha mazoezi. Anasoma maswali polepole, kila silabi peke yake, mdomo ameuvuta huku na huku.

"Unaniongelesha kama mgonjwa," Baba akamwambia.

"Nikikuongelesha kama mzima hunisikii."

"Miaka thelathini na sita hukunisikia wewe, na masikio unayo."

Mama alicheka mpaka akaangusha karatasi. Mimi nilicheka nikaingia chumbani. Sijamwambia yeyote kwamba sijui tatizo ni nini.

Ijumaa, 8 Machi

Wanafunzi wa michoro wamekuja watatu mlangoni kwangu, wapole, wamelowa. Picha iliyokuwa inamalizika kwa saa mbili sasa inachukua karibu saa tano. Wanauliza kama seva inaumwa. Nikawaambia ni utaratibu mpya.

Walipoondoka nikaitazama grafu ya matumizi ya seva. Saa ya darasa la mbao, maandishi yakiwa sekunde kumi na saba nyuma, prosesa nane zilikuwa zimekaa bure. Nane. Nikaitazama tena. Nikasema grafu inadanganya. Nikasema Bwana Kivuli amepata mlango wa uani, anatumia seva bila kuonekana. Kukubali upesi namna ile hakukuwa bure.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika hili polepole, maana leo nimejidhalilisha na nataka nilikumbuke vizuri.

Darasa la mbao asubuhi: sekunde ishirini na mbili. Baba aliulizwa swali, akangoja ukuta, ulipofika alikwishapitwa, na swali limepewa mwingine. Akafunga daftari lake taratibu na kuliwekea mikono juu, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

Mapumziko ya chai nikaenda chumba cha walimu. Bwana Kivuli alikuwa anakoroga kikombe. Nikamwambia mbele ya wote kwamba anaiba. Nilitumia neno hilo hilo. Nikasema ameondoa kikomo nilichomwekea, na kwamba kuna watu watatu wanaopoteza mwaka kwa ajili ya vivuli vyake.

Hakupandisha sauti. Aliweka kijiko, akachukua kompyuta yake, akaigeuzia kwangu. Kikomo kilikuwa pale pale, sita, kama nilivyokiandika. Halafu akanionyesha orodha ya picha na saa zilizofanyiwa kazi. Tangu nilipomwekea kikomo hakuendesha picha hata moja wakati wa darasa la mbao. Amekuwa akifika chuoni alfajiri, na mvua yote hii, ili kazi za wanafunzi wake ziishe kabla maandishi hayajaanza.

"Baba yako ananiazima penseli," akasema. "Tunakaa wote pale nje saa ya chakula. Ningemfanyiaje hivyo?"

Walimu wengine ghafla wote walikuwa na kazi ya kufanya kwenye vikombe vyao. Nikamwomba radhi pale pale, kwa sauti ile ile niliyomtuhumu nayo, ili waliosikia moja wasikie na la pili.

Akaitikia kwa kichwa. Nilitegemea aondoke. Badala yake akavuta kiti kingine.

"Kaa, dada. Na huyo wa maandishi, yeye ulimpa ngapi?"

"Mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Wastani wake ni moja na nusu."

"Wastani," akasema. Akanywa chai. "Mimi nikichukua wastani wa jua la siku nzima, usiku na mchana, nyumba zangu zote zitakuwa na mwanga wa machweo. Hakuna saa ambayo jua liko hivyo mchana. Mwalimu akinyamaza, programu inafanya nini?"

"Haifanyi kitu."

"Na akiongea?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua seva kwenye kompyuta yake. Kuna hesabu moja ambayo sikuwahi kuitazama, idadi ya mara kontena lilivyosimamishwa kwa sababu limemaliza muda wake. Nikaisoma, nikaisoma tena kwa kidole. Katika kila sehemu mia za moja ya kumi ya sekunde, saa ya darasa la mbao, kontena la maandishi lilisimamishwa mara sitini na tatu.

Sentensi ikifika, programu huirukia kwa prosesa nane kwa mpigo, imalize upesi ipumzike. Kwa kikomo cha mbili, inakula muda wake wote katika robo ya kwanza ya kila sehemu, halafu inakaa robo tatu nzima imefungwa mikono huku prosesa nane ziko bure pembeni yake. Mwalimu wa Ushonaji anaongea kwa vituo, inapata nafasi ya kujikwamua. Mwalimu wa Mbao hana kituo.

Grafu haikudanganya. Niliyemfunga kamba ni yule yule niliyetaka kumwokoa, na nimekuwa wiki tatu natafuta mwizi.

"Kunywa chai," akasema Bwana Kivuli. "Siku nne bado zipo."

Jumanne, 12 Machi

Nimebadilisha. Maandishi nimewaondolea kikomo kabisa, nikawapa kipaumbele badala yake: watu wakibanana, wao kwanza, wasipokuwa na kazi, nafasi ni ya yeyote. Michoro nimewapandisha kutoka sita hadi kumi. Mengine saba nimeyaachia vikomo vyake, nikiwa nimeangalia kwanza ile hesabu ya kusimamishwa, siyo wastani peke yake.

Tukajaribu. Picha nne za michoro zikiwa zinachemka kwa pamoja, Bwana Kivuli akachukua gazeti akalisoma kwenye kipaza sauti kwa kasi ya mnadani, bila kumeza mate, ukurasa mzima wa michezo. Sekunde mbili. Alipomaliza akashika ukuta apate pumzi.

Kwenye daftari jeusi nimeandika: *kikomo cha maandishi kilikuwa kidogo mno, kosa langu.* Mkuu akasoma, akainua macho.

"Hili ni maoni."

"Hapana, Mkuu. Ni taarifa."

Akasaini.

Ijumaa, 15 Machi

Mkuu amejaribu. Amesoma kanuni za chuo, kisha akaongea na mumewe kwenye simu kuhusu paa linalovuja, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. Yote yaliandikwa ukutani, sekunde mbili nyuma, pamoja na jina la utani analomwita mumewe nyumbani. Walimu wote tumelisoma. Hakuna atakayelitamka.

Wale watatu watafanya mtihani.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Sekunde mbili.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kontena la maktaba limepandwa na wazimu, likaanza kupanga upya orodha ya vitabu vyote katikati ya asubuhi. Limegonga kikomo chake cha moja na nusu na likabaki hapo hapo, linahangaika peke yake bila kumgusa mtu. Sasa sivionei haya vikomo vyangu. Havikuwa vibaya, nilikuwa nimevikata bila kupima mwili.

Jumapili, 14 Aprili

Baba na mimi tumeshinda kibarazani tukitazama mvua, yeye akisugua vipande vya mbao alivyoazima chuoni. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba kuna siku nilikaa nyuma ya darasa lake, siku ya mzaha wa banda. Nikaandika kwamba nasikitika alicheka peke yake, na kwamba mashine ilikuwa chini ya mkono wangu.

Akasoma, akanirudishia karatasi.

"Nilijua nacheka peke yangu," akasema. "Kwani sina macho? Niliona wote wamekwisha kucheka. Lakini mzaha ulikuwa mzuri. Niuache kwa sababu umenifikia wa mwisho?"

Akaendelea kusugua. Mimi nilikuwa nimeibeba siku ile miezi miwili kama jiwe kiatuni, kwa niaba ya mtu ambaye haikumwuma.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekagua kila kitu mara tatu. Bwana Kivuli amewaambia wanafunzi wake kesho hakuna picha hata moja, nikamwambia aendeshe tu, nafasi ipo. Amesema anajua ipo, ila anataka kuja kutazama.

Jumatano, 24 Aprili

Watahini walikuwa watatu, na mkubwa wao ni mama wa makamo ya bibi, mwenye suti ya kijivu na mkoba mkubwa. Mbele yao meza ndefu na mbao kumi na mbili. Kipaza sauti kilikuwa mezani, kati yao na mtahiniwa, na skrini ukutani, upande wa kushoto wa watahini, mkabala na kiti cha mtahiniwa. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta magotini, Bwana Kivuli nyuma yangu, na Mama karibu na mlango ambapo hakutakiwa kuwepo.

Baba aliitwa wa tano. Nilimwona akivuta mikono ya shati. Swali la kwanza likaulizwa, likaandikwa, akajibu. La pili hivyo hivyo. Sikuwa naangalia mashine tena. Nilikuwa naangalia kisogo cha baba yangu jinsi kinavyoinuka kusoma na kushuka kujibu, kama mtu anayeongea na jirani aliye juu ya ngazi.

La nane, mtahini kijana akamsukumia ubao mweupe wenye fundo katikati.

"Taja kasoro ya ubao huu."

Baba akasoma. Akaupokea, akaupima kwa mkono, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kuuweka shavuni apate mtikisiko. Akaunusa kwenye ncha. Nilihesabu sekunde kumi na tatu.

"Fundo si kasoro, kama ubao ni wa rafu," akasema. "Kasoro ni muhuri mlioupiga. Muhuri unasema umekauka. Haujakauka."

Muhuri ulikuwa wao wenyewe. Mtahini kijana akatabasamu kidogo, kwa huruma, akachukua kipima unyevu akakichomeka kwenye ubao. Akakitazama. Akakichomoa, akakichomeka upande wa pili. Kisha akampa mkubwa wake, na yule mama akakisoma kimya kimya, akachukua kalamu, akakata muhuri kwa mstari mmoja.

Matokeo yametolewa saa tisa. Baba wa kwanza kati ya ishirini na wanane. Mabinti wa ushonaji, mtihani wao ulikuwa jana, wamefaulu wote wawili. Mama alilia kidogo, akasema ni vumbi la mbao.

Wakati nakusanya nyaya, yule mtahini mkubwa akanijia. Akaniuliza kama ni mimi mwenye maandishi. Nikasema ndimi.

"Usizime kwanza," akasema. "Sikio langu la kushoto limekufa miaka sita sasa, na la kulia linalifuata. Hakuna anayejua ofisini. Vikaoni huwa natikisa kichwa wengine wakitikisa. Hukuona nilivyogeuza kiti? Leo ndiyo mara ya kwanza tangu zamani kusikia kikao chote mpaka mwisho."

Ndipo nikakitazama kiti chake. Kilikuwa kimegeuzwa kabisa upande wa skrini, mgongo kwa wenzake.

Akamwita Baba kwa mkono. Alitaka kujua kuhusu fundo, kwa nini anasema si kasoro, maana kitabu kinasema ni kasoro. Baba akachukua kipaza sauti akamjibu. Yeye akakichukua akambishia. Baba akakirudisha kwake, na mtahini kijana akaja na funguo za gari mkononi, akasimama, akaenda kukaa.

Sasa ni saa kumi na nusu na bado nipo hapa, naandika haya nikiwangoja. Mvua imekatika. Wamesimama bega kwa bega, wote wawili wameukabili ukuta, wanapokezana kipaza sauti na kubishana kuhusu fundo la mbao, kila mmoja anamsoma mwenzake, na hakuna kati yao aliyegeuza uso kumtazama mwingine.